Vidole Viwili vya Bi Sentimita

Mtaa mzima ulimwita Bi Sentimita, na hakuna aliyekuwa anamwonea. Utepe wa kupimia haukutoka shingoni mwake tangu alipokuwa msichana wa miaka kumi na saba. Aliuvaa harusini, aliuvaa msibani, na siku aliyojifungua binti yake wa pekee mkunga ndiye aliyemvua, tena kwa ugomvi. Macho yake nayo yalikuwa utepe wa pili. Ukimsalimia barabarani, kabla hajakuitikia alikuwa ameshajua mabega yako, kiuno chako, na kilo mbili ulizoongeza tangu mwezi uliopita. Waliokuwa wakijinyima kula ili wapungue walivuka barabara wakimwona kwa mbali.

Alifanya kazi chumba kimoja na mumewe, kinyozi. Chumba chenyewe kiligawanywa kwa pazia la maua alilolishona mwenyewe: upande huu cherehani, pasi na meza ya kukatia, upande ule kioo, mashine za kunyolea na kiti cha kuzunguka. Nywele zilivuka mpaka zikaingia kwenye vitambaa, nyuzi nazo zikavuka zikanasa kwenye ndevu za wateja. Kwa miaka ishirini na tisa mume na mke hao waligombania pazia hilo bila kuchoka, na bila kukasirikiana hata siku moja.

Sasa nisikilize vizuri, maana habari yote imesimama hapa. Kidole gumba cha mkono wa kulia wa Bi Sentimita kilikuwa kimekufa. Hakikukatika wala hakikuoza. Kilikuwepo, kinene na kizuri, ila hakikukubali tena kubana kitu wala kukandamiza. Alikuwa na mkasi mmoja wa chuma, mzito, aliopewa na mwalimu wake wa ushonaji, na mkasi huo ulikila kiungo cha kidole chake polepole kwa miaka thelathini na minane. Siku aliposhindwa kukata mkono mmoja wa shati la mtoto wa shule, aliufunga mkasi ndani ya gunia la vitambaa vilivyobaki, akausukuma chini ya meza asiuone tena. Halafu akalia. Sisemi machozi yalimlengalenga. Alilia kwa sauti, mpaka kinyozi akazima mashine, akamwacha mteja na povu shavuni, akaja kukaa naye sakafuni.

Binti yao ndiye aliyeleta ukombozi, kwa simu kutoka huko alikoolewa. "Mama, siku hizi ramani za nguo zinachorwa kwenye kompyuta. Wewe chora, wengine wakate." Ramani za nguo ni zile karatasi za vipande, mbele, nyuma, kola na mikono, ambazo mkataji huziweka juu ya kitambaa na kuzifuata. Bi Sentimita alikuwa akizichora tangu ujana, kwa chaki na gazeti. Basi akajiandikisha darasa la mchana, akakaa miezi sita na vijana waliomwita bibi mwanzoni na kumwomba majibu mwishoni. Akanunua laptopu iliyotumika kwa fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili.

Mausi, kile kipanya cha kompyuta, hakuiweza, kwa kuwa kuishika na kuibonyeza kulimtaka atumie kile kile kidole gumba. Lakini chini ya herufi za laptopu kulikuwa na tachipadi, kile kibao laini cha kutelezesha vidole, na hapo, akiwa na miaka hamsini na mitano, Bi Sentimita alipenda upya. Vidole viwili tu! Cha shahada na cha kati! Ukivipanua, ramani inakua mpaka unaona shimo la kifungo. Ukivitelezesha pamoja, unatembea kutoka kola hadi pindo. Ukigonga kidogo, mstari unashika. Kidole gumba kilikaa pembeni kikitazama wenzake wakifanya kazi.

Ikatokea nafasi. Kiwanda cha sare kilichokuwa nyuma ya soko kilitafuta mchora ramani, na wanaotaka waje na laptopu zao, wapewe jaribio moja mbele ya msimamizi. Siku ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Bi Sentimita alikuwa amejiapia moyoni jambo ambalo hakumwambia hata mumewe: akikosa nafasi hii, anauza cherehani, anavua utepe, anakuwa mke wa kinyozi basi.

Alhamisi asubuhi kinyozi aliamka akiimba. Mkewe alikuwa anaoga. Laptopu ilikuwa wazi mezani, na kwenye kioo chake kulikuwa na ujumbe: sasisho liko tayari, tafadhali, je, liwekwe sasa? Mwanamume huyu ana kasoro moja, nayo ni adabu. Akiombwa kwa tafadhali hajui kukataa. Akabonyeza ndiyo, akaenda zake kufungua duka, kile chumba chao cha mbele ya nyumba.

Saa tatu Bi Sentimita aliileta laptopu kwenye meza yake ya kukatia ili anyooshe mkono kidogo kabla ya jaribio. Alifungua ramani ya blauzi, akaweka vidole viwili, akavipanua. Ramani haikukua. Akavitelezesha. Haikutembea. Akagonga, akagonga tena, akagonga kama anayedai mlango ufunguliwe. Kishale kilifuata kidole kimoja, na kila jambo lingine likataka ubonyeze kona ya tachipadi kwa nguvu na kuishikilia huku unavuta. Kwa gumba.

"Bwana wee," aliita kwa sauti ya upole iliyotisha. "Umeigusa laptopu yangu?"

"Mimi? Sijaigusa," kinyozi alijibu nyuma ya pazia. "Nimeikubalia tu."

"Umeikubalia nini?"

"Sijui. Ilisema tafadhali."

Bi Sentimita alimpigia fundi aliyemwuzia laptopu. Fundi alipokea kwa kunong'ona. "Mama, shikamoo. Niko kwenye foleni ya pasipoti. Simu ni marufuku humu, na askari wa mlangoni ameshanikazia macho."

"Marahaba. Laptopu yangu haijui vidole viwili!"

"Imesasishwa?"

"Imekubaliwa," alisema Bi Sentimita, akilitazama pazia.

"Basi sasisho limeondoa draiva yako, limeweka ya jumla. Draiva ni kiprogramu kidogo, mama, kinachoifundisha kompyuta kuielewa tachipadi. Hiyo ya jumla inaelewa kidole kimoja tu. Soma jina la mashine, ingia tovuti ya waliotengeneza, pakua draiva yake, uiweke. Ikikataa, usiiruhusu itafute yenyewe. Ingia meneja wa vifaa, ichagulie wewe faili kwa mkono, halafu... anakuja, anakuja!" Simu ikakatika.

Sasa tazama kosa ambalo mshonaji tu ndiye angeweza kulifanya. Mshonaji anayejiheshimu akitaka kujua kitambaa ni cha nani, hatazami katikati. Anasoma ukingoni mwa jora, pale jina la kiwanda lilipochapwa. Jina la ukingoni halisemi uongo. Bi Sentimita aliifunika laptopu, akaona jina na namba kwa herufi za fedha kwenye kona ya kifuniko, akaridhika kabisa. Akayanakili kwenye karatasi ya vipimo, chini ya "kola" na "kwapa," akawasha intaneti ya simu, akapakua.

Draiva ilifunguka, ikazunguka, ikasema kifaa hakikupatikana.

"Kipo!" alisema Bi Sentimita. "Nakigusa hapa!"

Akafuata ya fundi. Akafungua meneja wa vifaa, ile orodha ndefu ya viungo vyote vya kompyuta, akaikuta tachipadi, akachagua kuweka kwa mkono, akailetea faili. Kompyuta ikaonya kwamba draiva hii huenda isifae kwa kifaa hiki na mashine inaweza kuyumba. Bi Sentimita amewahi kuonywa na wataalamu wakubwa zaidi ya huyo. Akaendelea. Mashine ikajizima, ikajiwasha.

Na kishale hakikuwepo. Hata kile cha kidole kimoja. Alitelezesha kushoto, kulia, juu, chini, akatelezesha viganja. Alikuwa na kompyuta isiyo na mkono hata mmoja, na saa ya ukutani ilisema saa nne na nusu.

"Mungu wangu!" alipiga ukelele uliolipita pazia na kufika barabarani.

Kinyozi aliingia mbio, mashine ya kunyolea ikiunguruma mkononi. Nyuma yake akaingia mteja, mwuza magodoro, rafiki yake tangu utotoni, shuka la kunyolea shingoni. Upande wa kulia wa kichwa chake ulikuwa umenyolewa ukang'aa. Wa kushoto ulikuwa bado kichaka.

"Shemeji, kuna nini?" aliuliza mwuza magodoro. "Nani amekufa?"

"Tachipadi," alisema Bi Sentimita.

"Pole sana, shemeji," alisema yule, akavua kofia ambayo hakuwa nayo.

Bi Sentimita alimtazama. Alitaka kulia, nakuhakikishia. Lakini macho yake yalikuwa na mazoea yao, yakaanza kukipima kichwa kile: sentimita ishirini na nane za kichaka, sentimita ishirini na nane za upara, mpaka umepita katikati ya pua. Kicheko kilimtoka bila ruhusa. Alicheka akashika meza, akacheka akaachia meza. Mumewe akaanza kucheka kwa kumwona yeye, na mwuza magodoro, ambaye hakujua kinachochekwa, akacheka kwa nguvu kuliko wote. Walicheka mpaka mwanamke aliyekuja kuchukua gauni lake akachungulia, akaona heri arudi kesho.

Alipotulia, Bi Sentimita alijifuta machozi kwa ncha ya utepe, akaichukua laptopu akaipeleka mlangoni penye mwanga, kama anavyopeleka kila kitambaa kinachomsumbua. Akaiinua usawa wa macho. Akaigeuza.

"Njooni mtazame," alisema. "Hizi nyeusi mbili hazikutoka jora moja."

Wale wanaume wawili walitazama, na kwa macho yao ilikuwa nyeusi tupu. Lakini mwanamke aliyeshona magauni ya msiba kwa miaka thelathini na minane anajua nyeusi. Kifuniko kilikuwa cheusi chenye ubluu kwa mbali. Sehemu ya chini, yenye herufi na tachipadi, ilikuwa nyeusi yenye hudhurungi. Na pale vilipokutana, kwenye bawaba, skrubu za kushoto zilikuwa za nyota na za kulia za msalaba.

"Hapa pana mshono," alisema.

Alimpigia fundi. "Fundi, mwanangu. Hii laptopu ulinishonea kutoka nguo mbili?"

Ilisikika foleni ya pasipoti, mtu akipiga chafya. "Mama," alinong'ona fundi, "kifuniko ni cha mashine iliyoungua ndani. Chini ni pa mashine iliyokanyagwa kioo na ng'ombe. Kila moja ilikuwa mjane. Nikaziozesha."

"Na hukuniambia!"

"Kwani sikukwambia?"

"Hukuniambia!"

"Basi ndiyo nakwambia, mama. Samahani sana. Fuata jina la chini, liko kwenye kikaratasi tumboni. Sogea kwa kitufe cha Tab, ukubali kwa Enter, huhitaji kishale. Ni... shikamoo, afande." Simu ikakatika, na haikupokelewa tena siku ile.

Waliipindua laptopu juu ya mto wa kupigia pasi. Kikaratasi kilikuwepo, kimefifia, namba zake ndogo kama mayai ya chawa. Bi Sentimita alivaa miwani ya kutungia sindano. Kinyozi alimulika kwa taa ya kunyolea ndevu. Mwuza magodoro, ambaye alitaka naye awe na kazi, alisoma kwa sauti ya mnada, na wote wakarudia kila herufi baada yake. Duka la jirani walidhani wameanza kusali.

Ikabaki kuipakua draiva ya pili, ya tumboni, bila kishale. Hapo Bi Sentimita alikaa wima. Yeye alijifunza kushona kwa mkono kabla hajaruhusiwa kugusa cherehani, pindo zima, tundu moja baada ya jingine, na aliyepitia hayo haogopi safari ya hatua fupi. Alibonyeza Tab, mstari mwembamba ukaruka kutoka kisanduku hiki hadi kile. Akabonyeza tena. Kinyozi alisimama nyuma yake akitangaza kila ulipotua: "Tafuta! Msaada! Nyumbani! Umepita, rudi! Pakua! Hapo hapo, mke wangu, hapo hapo!"

Saa sita kasorobo folda ilikuwa imeshuka. Bi Sentimita aliingia meneja wa vifaa, akaifikia tachipadi, akaomba draiva ibadilishwe. Kompyuta ikafikiri kidogo, ikajibu kwamba draiva iliyo bora kabisa kwa kifaa hiki tayari imewekwa.

"Tazama jeuri!" alisema kinyozi. "Mkono wenyewe umepooza!"

Bi Sentimita alitabasamu. Wateja wa aina hii aliwajua. Wanaingia na gauni lililochanika kwapani, wanakwambia linawakaa vizuri. Hubishani nao. Unawasimamisha mbele ya kioo na kuchukua utepe. Alikataa isitafute yenyewe. Alichagua kuchagua mwenyewe kwenye orodha, kisha akachagua kwamba faili anayo. Akateremka ndani ya folda, folda ndani ya folda, mpaka akakuta faili moja yenye picha ya gurudumu la meno.

Onyo likatokea. Lilikuwa lile lile: huenda isifae, mashine inaweza kuyumba.

Kidole chake kilisimama juu ya Enter. Hapa ndipo alipoiua mara ya kwanza. Mara hii hapakuwa na cha kurudia. Kiwanda kilikuwa mwendo wa nusu saa, na alikuwa bado na nguo ya nyumbani. Alimwona akilini mtu akipakia cherehani yake kwenye mkokoteni. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya harusi yake.

"Nyeusi umeiona mwenyewe," kinyozi alimwambia taratibu, na kwa mara ya kwanza siku ile hakufanya mzaha. "Macho yako hayajawahi kukosea. Hata mimi ulinipima mara moja tu."

Akabonyeza.

Mstari wa kijani ukajaa polepole. Mashine ikajizima. Ikakaa kimya. Ikawaka, duara likazunguka, likazunguka, vichwa vitatu vikiwa vimesogezwa pamoja, kimoja kikiwa nusu. Kishale kikatokea katikati ya kioo. Bi Sentimita akaifungua ramani ya blauzi kwa mguso mwepesi wa kidole, ikafunguka! Akaweka vidole viwili. Akavipanua.

Mkono wa blauzi ukakua, ukajaa kioo kizima.

Sitaweza kukueleza kelele zilizofuata. Mwuza magodoro alirusha shuka la kunyolea juu na nywele zake zote zikawanyeshea. Kinyozi alimbeba mkewe pamoja na laptopu, akampitisha kwenye pazia, akamkalisha kwenye kiti cha kuzunguka, akakizungusha. Bi Sentimita alizunguka kwa mbio, utepe ukipepea, akipiga vigelegele, vidole viwili vikipanua na kubana, blauzi ikikua na kupungua, ikikua na kupungua, na kila alipopita mbele ya kioo alimwona mwanamke wa miaka hamsini na mitano mwenye nywele za mwuza magodoro kichwani, akampenda.

"Simamisha!" alilia. "Saa saba hiyo!"

Kiwandani alifika saa nane kamili, amevaa gauni lake la kijani, anatoa jasho, bado ana kicheko tumboni. Chumba cha ramani kilikuwa na meza ndefu nyeupe na wachoraji wawili waliokuwa wakifanya kazi kimya. Msimamizi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, amevaa suti ya kubana na uso wa mtihani. Alimpa karatasi moja.

"Shikamoo, mama. Hivi ni vipimo vya mteja wa mfano. Gauni la ofisini, mikono mirefu, zipu nyuma. Dakika arobaini."

Bi Sentimita alifungua laptopu yenye nyeusi mbili, akaanza. Lo, laiti ungemwona! Vidole viliteleza mabegani, vikashuka kwapani, vikageuka na kifua bila kusita. Alipofika kiunoni alisoma karatasi: sabini na mbili. Akainua macho akafikiri. Macho yakamwangukia msimamizi aliyesimama dirishani, na yakafanya yalichozoea. Mabega thelathini na tisa. Yaliandikwa thelathini na tisa. Mkono hamsini na nane. Uliandikwa hamsini na nane. Nyonga sawasawa. Kiuno sabini na sita.

Alikielewa kitu kile mara moja. Mteja wa mfano alikuwa amesimama pale pale, naye alikuwa amejipunja sentimita nne. Akichora sabini na mbili, atakuwa ametii karatasi. Akichora sabini na sita, atakuwa amemwambia bosi wake wa kesho, ambaye bado si bosi, kwamba kiuno chake anakijua. Bi Sentimita akapanua vidole viwili, akakisogelea kiuno, akakiongeza.

Msimamizi alikuja kukagua. Alitazama kola, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alitazama mikono. Akafika katikati.

"Hapa nimeandika sabini na mbili."

"Ndiyo, dada."

"Wewe umeweka sabini na sita. Umekosea?"

"Hapana, dada," alisema Bi Sentimita kwa heshima zote. "Nataka zipu ifunge."

Wale wachoraji wawili waliacha kuchora. Mkono wa msimamizi uliondoka wenyewe, ukaenda ukatua kiunoni pake. Uso wa mtihani ulishikilia, ukashikilia, kisha ukapasuka. Alicheka akainama, akacheka akaketi juu ya meza nyeupe ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuikalia. "Miezi mitatu!" alisema akijipepea kwa karatasi. "Watu kumi na mmoja wamechora gauni hili, na kila likishonwa siingii ndani! Nikadhani hawajui kazi!"

Akamnyooshea mkono, akaukamata wa Bi Sentimita kwa furaha, akaubana. Bi Sentimita alijikunja kwa maumivu kabla hajaweza kujizuia.

"Mama, kidole kina nini?"

Kicheko chote kilimwisha. Hili ndilo alilolificha darasani, na alitaka kulificha hapa pia. Lakini leo alikuwa ameshasema kweli moja, na ya pili ikatoka kwa kusukumwa na ile ya kwanza.

"Kimestaafu, dada. Sitakudanganya. Kukata siwezi tena."

Msimamizi alikitazama kile kidole gumba, kinene na kizuri, kisha akaitazama ramani.

"Wakataji ninao tisa," alisema. "Wanakata vizuri mno, tena mahali pasipotakiwa. Njoo kesho saa mbili asubuhi."

Alirudi nyumbani kwa miguu na hakumbuki alipita wapi. Dukani alimkuta mwuza magodoro kwenye kiti kile kile, kichwa bado nusu kwa nusu. Kinyozi alikuwa amekaa pembeni yake, mashine zote zimezimwa. Tangu mkewe aondoke, wasiwasi ulimzuia kumgusa mtu kwa wembe.

"Shemeji, sema upesi," alisema mwuza magodoro. "Mke wangu amepiga simu mara nne kuuliza niko saluni gani."

"Kesho saa mbili," alisema Bi Sentimita, na kelele zikaanza upya. Katikati ya kelele laptopu ikalia kidogo ndani ya mkoba wake. Kinyozi alificha mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo.

Walipochoka kupiga kelele, na mashine ya kunyolea ikaanza kuufyeka upande wa kushoto, Bi Sentimita alipiga magoti kwenye upande wake wa pazia. Alilivuta gunia kutoka chini ya meza, akalifungua, akapekua vitambaa mpaka mkono ukakutana na chuma. Mkasi ulikuwa na doa la kutu kwenye bawaba. Aliutia tone la mafuta ya cherehani, akaufuta kwa kitambaa cha shati la mtoto wa shule, lile lile ambalo halikukatwa. Kisha akapanda kwenye kiti akautundika kwenye msumari juu ya cherehani, mahali ambapo kila aingiaye angeuona.

Kinyozi alifunua pazia. "Unaurudisha kazini?"

"Hapana," alisema. "Nao umestaafu. Lakini mstaafu hafichwi chini ya meza."

Alishuka, akarudi nyuma hatua mbili, akautazama. Ulikuwa umepinda kushoto kwa sentimita moja. Akapanda tena kwenye kiti, akaunyoosha kwa vidole viwili.